Mshike Shingo

Mtoto mchanga akipakatwa na mgeni kwa mara ya kwanza, chumba kizima hupaza sauti moja: mshike shingo! Hata mtoto wa darasa la pili anayeomba kumbeba mdogo wake huambiwa hivyo kabla hajanyoosha mikono. Siku nilipompokea mwanangu wa kwanza kutoka mikononi mwa mama yangu, mama aliuvuta kwanza mkono wangu wa kushoto, akauweka chini ya kisogo cha mtoto. Akasema, "Hapa, baba. Usiutoe mpaka nikwambie."

Niliutoa kabla ya kuambiwa. Naungama hapa jinsi nilivyoutoa, uongo niliomwambia mke wangu ili nipate kuutoa, na sifa nilizozipokea baadaye ilhali moyoni najua si zangu.

Mke wangu alipofikisha mimba ya miezi minane tulinunua kiti cha mtoto cha gari. Kilikuwa cha mtumba kutoka Japani, kama lilivyokuwa gari lenyewe, na tulikipata hapahapa Dar es Salaam kwa bei ambayo mshahara wangu uliimudu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuwa nacho. Sote tulisafiri tukiwa tumepakatwa na mama zetu, na ndugu waliokiona kile kiti waliuliza kama mtoto hataona ametengwa. Niliwajibu kwa kujiamini. Nilikuwa nimesoma kwamba gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 9 hurushwa mbele kwa nguvu ya gunia zima la mahindi, na hakuna mama, awe na mapenzi kiasi gani, awezaye kulizuia gunia kwa mikono miwili. Niliyasema hayo kwa kila aliyenisikiliza. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua hatari ya barabara. Niliijua, na nilijiona mbele ya wenzangu kwa kuijua.

Kiti chenyewe kilikuwa cha kugeuzwa. Mtoto akiwa mdogo hukaa uso wake ukielekea nyuma ya gari. Akishakua, kiti hugeuzwa naye akatazama mbele kama abiria wengine. Nyuma yake kulikuwa na mfuko mdogo wenye kijitabu cha maelekezo, chote kwa Kijapani. Nilikifungua siku ya kwanza, nikaangalia picha, nikakirudisha mahali pake.

Miezi sita ya mwanzo mtoto alilala kila gari lilipowashwa. Mwezi wa saba kilio kilianza. Tulikaa upande wa Ubungo na kazi yangu ilikuwa Kurasini, kwa hiyo jioni tukimpitia mtoto kwa bibi yake mzaa mama, tulirudi kwa Barabara ya Mandela katika foleni ya malori ya bandarini. Kutoka Tazara hadi Ubungo ingeweza kuisha saa nzima, na saa hiyo nzima mtoto analia. Mimi dereva sikuuona uso wake. Niliona kisogo cha kiti tu. Mke wangu alikaa naye nyuma, akamwimbia, akampa kijiko achezee, akamgusa shavu. Mtoto alinyamaza kwa urefu wa taa moja nyekundu, akaanza tena.

Ndugu nao wakaongeza maneno. Shangazi yangu alimwona siku moja akasema, "Mbona mmemgeuzia ukutani kama mwenye adhabu?" Mwingine aliitazama miguu yake iliyokunjika kwenye mgongo wa kiti cha nyuma, akasema tutamlemaza. Mtoto alikuwa ameshaota meno mawili, anatambaa, anajivuta kwenye kochi anasimama dede. Kila moja ya hatua hizo niliipiga picha nikaituma kwa ndugu. Pole pole nikaanza kukiona kile kiti kinachotazama nyuma kama kitu cha kichanga, na kugeuzwa kama hatua nyingine ya ukuaji ambayo mwanangu alikuwa anacheleweshwa kuifikia.

Miezi tisa ilipotimia tulimpeleka kliniki kwa chanjo ya surua. Muuguzi alimtundika kwenye mizani, akaandika kwenye kadi: kilo 9.3. Jioni ile nilikitoa kile kijitabu cha Kijapani. Nilipata ukurasa wenye picha ya mtoto anayetazama mbele, na pembeni yake namba 9 na alama ya kilo. Nikaona nimepata nilichokuwa nakitafuta.

Mke wangu alisita. Alisema, "Hata mwaka hajatimiza. Si tungoje kidogo?"

Nikamjibu, "Nimesoma maelekezo. Akifika kilo tisa anageuzwa."

Sikuwa nimesoma. Sijui hata herufi moja ya Kijapani. Niliona namba na picha, nikaunganisha kile nilichokitaka, kisha nikakisema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Mke wangu ananiamini kwenye mambo ya gari kama mimi ninavyomwamini kwenye dawa na joto la mtoto. Aliinamisha kichwa akasema sawa. Nautaja uongo huu mapema kwa sababu ndio mzizi. Kukosea kipimo ni jambo linaloweza kumpata mzazi yeyote. Mimi nilimnyamazisha mtu aliyekuwa sahihi kwa kutumia imani yake kwangu.

Jumamosi asubuhi nilikigeuza kiti. Mikanda ya mabega niliiacha kwenye matundu yaleyale ya chini, sikujua kwamba mtoto akitazama mbele inatakiwa itokee usawa wa mabega yake au juu kidogo. Tukaenda hadi Mbezi na kurudi. Mtoto hakulia. Alitazama madaladala, akamcheka mama yake, akakutana na macho yangu kwenye kioo akapiga makofi. Kosa hili lilikuwa tamu, na halikunipa dalili yoyote ya ubaya wake. Kwa miezi miwili kila safari ilinithibitishia kwamba nimefanya vizuri.

Alipokuwa na miezi kumi na moja tulifunga safari ya Tanga kumwona mama yangu. Tuliondoka alfajiri kukwepa foleni. Tulipita Kibaha, tukapita Mlandizi, na kabla ya Chalinze, kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, lori lililokuwa mbele yangu lilihama ghafla kwenda kulia. Mbele yake kulikuwa na fuso bovu limesimama kwenye njia. Dereva wake alikuwa ameweka matawi barabarani, kama ilivyo desturi, lakini lori lililonitangulia lilikuwa limeyaficha nisiyaone. Upande wa kulia basi lilikuwa linakuja. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Nadhani nilikuwa kwenye kilomita 80. Tulipoligonga fuso tulikuwa tumeshapunguza sana, pengine 30.

Kilomita 30 kwa saa husikika kama mwendo wa mchezo. Baadaye nilipiga hesabu: kugonga kitu kilichosimama kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita tatu na nusu. Ni mtu kudondoka kutoka kwenye tawi la mwembe.

Sauti ya bati ilipokoma, mtoto hakulia. Ukimya ule sitausahau. Mke wangu, aliyekuwa amefunga mkanda kando yake, aliita jina lake mara mbili. Kisha mtoto akalia, kilio chembamba ambacho sikuwahi kukisikia, na tulipomtazama kichwa chake kilikuwa kimeinamia bega la kushoto na hakutaka kukiinua. Mikanda ilikuwa imemwachia alama nyekundu mbili, moja ikipanda hadi kwenye shingo. Mtu mmoja aliyesimamisha gari akatusaidia alisema tusimtoe kwenye kiti, tumbebe nacho hivyohivyo. Simjui jina. Namwombea kila siku.

Hospitalini walimvisha kola, wakampiga picha za mionzi, wakamlaza usiku kucha wakimwangalia kama anachezesha mikono na miguu sawasawa. Alichezesha. Mifupa ilikuwa salama, uti wa mgongo ulikuwa salama. Misuli na kano za shingo zilikuwa zimevutika. Wiki tatu baadaye alikuwa anageuza kichwa pande zote mbili bila kulia. Mungu alitusitiri, na nikiwa mwaminifu lazima niseme kiti nacho kilifanya kazi yake. Hata kikiwa kimetazama pasipofaa, kilimzuia asiruke. Angekuwa amepakatwa, nisingekuwa na moyo wa kuandika. Mzazi asome maneno yangu hadi mwisho asije akachukua nusu yake na kurudi kumpakata mtoto.

Daktari wa zamu aliuliza swali moja tu kuhusu kiti: "Alikuwa anatazama wapi?" Nilijibu mbele. Hakunikaripia. Aliniuliza kama nakumbuka mtoto mchanga anavyobebwa, kisha akaeleza kitu ambacho tangu siku hiyo kimebadili maana ya neno moja kwangu.

Sisi husema shingo ya mtoto imekaza akifikisha miezi mitatu au minne, pale anapoweza kukishika kichwa mwenyewe. Tunaondoa mkono, na tunahesabu kwamba jambo limekwisha. Kilichokaza pale ni misuli. Pingili za shingo, zile mbegu za mfupa zilizopangana, kwa mtoto mdogo hazijawa mfupa kamili. Kila moja ni vipande vilivyoshikizwa kwa gegedu, na vipande hivyo huungana polepole mpaka mtoto amefika miaka mitatu, vingine hadi sita. Ndani ya nguzo hiyo laini unapita uti wa mgongo. Nguzo inaweza kuvutika na kurudi. Uti hauvutiki kiasi hicho. Na juu ya nguzo hiyo kimekaa kichwa kikubwa kuliko tunavyofikiri. Kichwa cha mtoto anayezaliwa ni robo ya urefu wake wote. Mimi nina sentimita 172. Ningekuwa na umbo la mtoto mchanga, kidevu changu kingekuwa kifuani.

Sasa chukua gari linalosimama ghafla. Mtoto anayetazama mbele, mikanda humshika mabega na nyonga, na kiwiliwili husimama. Kichwa hakina mkanda. Kinaendelea na safari, na kinachokizuia ni shingo peke yake. Mtoto anayetazama nyuma huzamishwa kwenye mgongo wa kiti: kichwa, shingo na mgongo vyote hupokelewa kwa pamoja na kwa wakati mmoja. Ni kiganja cha bibi chini ya kisogo, kikiwa cha plastiki ngumu na sponji. Daktari aliweka mkono wake wazi nyuma ya kichwa cha mwanangu, bila kukigusa, akasema, "Kazi yake ni hii tu."

Usiku ule mke wangu hakulala, nami pia. Saa nane alikuwa amekishika kile kijitabu. Aliwasha simu, akaelekeza kamera kwenye kurasa moja baada ya nyingine, na programu ya tafsiri ikamgeuzia Kijapani kuwa Kiingereza kibovu lakini kinachoeleweka. Kisha aliiweka simu kwenye goti langu. Hakusema kitu.

Ilikuwa imeandikwa wazi. Kutazama nyuma: tangu kuzaliwa hadi kilo 13. Kutazama mbele: kuanzia kilo 9 hadi 18. Yaani kati ya 9 na 13 kiti kinakubali pande zote mbili, na mzazi ndiye anayeamua. Mimi niliiona 9 nikaifanya amri, ilhali ilikuwa ruhusa tu, tena ruhusa ya chini kabisa. Namba iliyopaswa kuniongoza ilikuwa 13, na mwanangu alikuwa amebakiza karibu kilo nne kuifikia. Ilikuwa kwenye ukurasa wa nyuma ya ule nilioutazama.

Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Ulisoma?"

Nikasema, "Hapana."

Aliinuka akaenda kusimama kando ya kitanda cha mtoto.

Ungetegemea kwamba mtu aliyefika hapo ataacha kujitetea. Mimi niliendelea kwa wiki kadhaa. Usiku nilikuwa nikitafuta kwenye intaneti mtu wa kuniambia sikukosea sana. Nikagundua kwamba kilo 9 haikuwa ndoto yangu: mwaka 2002 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikuwa kinasema mtoto ageuzwe akishatimiza mwaka mmoja na kufikia takriban kilo 9, yote mawili kwa pamoja. Mwanangu hakuwa na mwaka. Mwaka 2011 chama hichohicho kilisogeza hadi miaka 2, na mwaka 2018 kikaacha kabisa kutaja umri: mtoto atazame nyuma muda mrefu iwezekanavyo, mpaka afike mwisho wa uzito au urefu ulioruhusiwa na kiti chake. Ulaya, kanuni ya zamani ya viti ilitumia kilo 9. Kanuni mpya iliyoanza 2013 inataka mtoto apite miezi 15 kwanza, na hicho ndicho kiwango cha chini. Sweden walikuwa wameshatangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bertil Aldman, daktari aliyekuja kuwa profesa wa Chalmers pale Gothenburg, aliona jinsi wanaanga wa Marekani wanavyolazwa chali ili nguvu ya roketi isambae mgongo mzima, akapata wazo la kumketisha mtoto kwa namna ileile. Mwaka 1964 kiti cha majaribio kilikuwa kinapimwa ndani ya gari la Volvo. Watoto wa huko wamezoea kutazama nyuma hadi karibu miaka minne. Kila nilipogusa, historia ilikuwa inakwenda upande mmoja.

Kisha nikapata nilichokuwa nakiwinda. Utafiti wa Marekani wa 2007, uliosambaa dunia nzima ukidai kwamba kutazama nyuma ni salama mara tano zaidi kwa watoto walio kati ya mwaka mmoja na miwili, ulikuja kuondolewa na jarida lenyewe lililouchapisha, baada ya hesabu zake kurudiwa na kukutwa na kasoro. Naungama kwamba nilifurahi. Nilikaa jikoni usiku wa manane nikahisi mzigo umeshuka. Nikasoma mpaka mwisho. Waliorudia hesabu walikuta kwamba watoto wa umri huo waliofungwa vizuri kwenye viti huumia kwa nadra sana, wakitazama mbele au nyuma, kiasi kwamba waliokuwa kwenye takwimu ni wachache mno kutoa namba ya kutegemewa. Hata hivyo hawakusema mgeuzeni. Namna mwili unavyopokea pigo, na uzoefu wa miaka mingi wa Sweden, viliwatosha kuendelea kushauri watoto watazame nyuma. "Mara tano" ilianguka, lakini shingo ya mtoto ilibaki ileile, na ile niliyokuwa nimeiona kwa macho yangu ilikuwa imevikwa kola. Nilizima simu nikaona aibu kwa furaha yangu.

Sehemu inayofuata ndiyo nzito zaidi kuisema.

Tuliporudi nyumbani ndugu walikusanyika, tukasoma dua ya shukrani, tukatoa sadaka. Picha ya gari letu lililobonyea mbele ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za ukoo mzima. Mzee mmoja alisimama akasema wazazi wa siku hizi wanaweza kutufundisha, tazameni huyu kijana alivyomwekea mwanawe kiti, na kiti kimemwokoa. Watu wakaitikia. Mjomba akanishika bega. Mama yangu, aliyekuja kutoka Tanga kwa basi, alilia akaniombea. Na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu anayepokea sifa, nikanyamaza.

Mke wangu alikuwa amekaa upande wa wanawake. Alinitazama mara moja tu. Alijua yote, na aliniachia niseme mwenyewe. Sikusema siku ile, wala mwezi ule, wala mwaka ule.

Katika siku zilezile nilikuwa karibu kufanya kosa lingine. Fundi aliyekuwa anatengeneza gari aliniuliza kama namuuzia kile kiti, kilionekana kizima. Kiti kilichopata ajali hakifai tena. Plastiki inaweza kuwa na ufa usioonekana na mikanda imeshavutika. Hiyo ndiyo hatari ya kiti cha mtumba, kwamba hujui kimepitia nini, na mimi mwenyewe sikujua changu kilipitia nini kabla hakijanifikia. Nilichukua kisu nikaikata mikanda yote mitano, nikakitupa. Pesa za kununua kipya zilituchukua miezi minne kuzipata, na miezi hiyo mtoto hakupanda gari ila kwa lazima.

Binti yetu alipozaliwa, nilisoma maelekezo ya kiti kipya neno kwa neno, kwa lugha ninayoijua, na mke wangu akasoma baada yangu. Tulikubaliana kwamba umri hautatuamulia, wala maneno ya shangazi, wala kilio. Vipo vipimo viwili tu: uzito usipite kikomo cha kutazama nyuma, na utosi usifike kwenye ukingo wa juu wa kiti; changu kilitaka ubaki chini yake kwa sentimita mbili na nusu hivi. Kimoja kikifika, anageuzwa. Kabla ya hapo, hapana. Miguu iliyokunjika si kipimo. Mtoto huikunja kama anavyoikunja akikaa mkekani, na mguu ukivunjika hufungwa plasta ukapona. Mikanda, anapotazama nyuma, hutokea usawa wa mabega au chini kidogo. Na kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko huo ukifumuka hukipiga kiti pale nyuma ya kichwa cha mtoto.

Naye alilia. Ilikuwa Barabara ya Mandela ileile, na malori yaleyale. Safari hii tulisimamisha gari pembeni, tukamtoa, akanyonya, akatulia, tukamrudisha akiwa anatazama nyuma. Tulifika nyumbani saa mbili usiku badala ya saa moja. Sikujua kwamba hilo lilikuwa linawezekana. Mara ya kwanza sikulijaribu hata siku moja.

Siku moja nilimwambia mama kwa simu kwamba binti ana miaka miwili na bado anatazama nyuma. Nilitegemea anicheke. Akasema, "Wewe ulinyonya miaka miwili kamili, na hakuna aliyeniharakisha. Mtoto haachishwi kwa sababu majirani wamechoka kumwona ananyonya." Bado sikumwambia kuhusu kaka yake. Maneno yalikuwa mdomoni, nikauliza habari za mvua.

Kilichonifungua mdomo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alipata mtoto mwaka jana na akanunua kiti kwa kunifuata mimi. Alisema wazi kwamba asingekijua kama si ile ajali yetu. Mwezi uliopita alinitumia picha. Mtoto wake wa miezi minane amekaa garini, amevaa kofia, anatazama mbele, anacheka. Chini ameandika: "Kafika kilo tisa shemeji, nimemgeuza kama ulivyomfanyia wa kwako."

Nilikaa na picha ile mkononi. Niliona nilichokuwa nimekifanya kwa ukimya wa miaka minne. Sifa nilizozikubali pale kwenye dua zilikuwa zimegeuka mafunzo, na kijana mwema aliyenipenda alikuwa amejifunza kosa langu akidhani ni busara yangu.

Sikumpigia simu. Nilikwenda kwake Tabata jioni ileile pamoja na dada yake. Nilimweleza tukiwa wima kando ya gari, yote: kijitabu ambacho sikukisoma, uongo niliomwambia dada yake, alama ya mkanda kwenye shingo ya mpwa wake, na mzee wa kwenye dua. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akamtazama dada yake, naye akaitikia kwa kichwa. Shemeji hakunitukana. Alifungua mlango wa nyuma akasema, "Nionyeshe."

Tulisoma lebo ya kiti chake pamoja. Chake kilikubali kutazama nyuma hadi kilo 18. Tulikigeuza, tukashusha mikanda tundu moja, tukakikaza mpaka kikawa hakitikisiki. Mtoto aliwekwa, akatutazama sote, akaanza kulia.

Shemeji akauliza, "Mpaka lini?"

Nikamwambia, "Mpaka kipimo kiseme. Mimi na wewe tusikisemee."

Kabla sijafunga mlango niliingiza kiganja changu cha kushoto nyuma ya kisogo cha mtoto, pale kinapokutana na kiti. Kilitosha barabara. Nikakitoa taratibu. Kichwa hakikusogea, kiti kilikuwa kimeshika.

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu mama.